Ficha Doa, Uso Uuache

Doa moja la chunusi shavuni huponza uso mzima. Msichana wa Korbesa ana harusi ya dada yake Jumamosi. Alhamisi kajitazama kiooni, kaliona doa, na ifikapo Ijumaa usiku ameshaazima faundesheni ya mtu wa rangi nyingine, poda ya mtu wa tatu na ushauri wa mashosti wote wa mtaa. Jumamosi anatokea na uso wa kijivu unaokomea kwenye taya, shingo imebaki na rangi aliyopewa na Mungu, na akina mama walioketi mkekani wanamsalimia kwa kumuuliza kama anaumwa. Doa lenyewe lilikuwa halionekani ukisogea hatua tatu. Uso wa kijivu unaonekana tangu ng'ambo ya mto Ewaso Ng'iro.

Mimi huwapamba mabibi harusi na ndugu zao upande huu wa Merti, Isiolo, na mwongozo huu nauandika ili Jumamosi ya namna hiyo isirudi. Nitawacheka watu humu, tena waziwazi: muuza mkorogo, mpambaji mwenye chupa moja kwa nyuso zote, na fundi wa picha anayemlainisha mtu simuni hadi pua inapotea. Mwenye doa simcheki. Anayetaka kulificha ana haki yake, na anayeamua kwenda nalo harusini lilivyo ana haki hiyohiyo. Kazi hii ina kanuni moja tu: funika doa pale lilipo, kwa rangi ya ngozi inayolizunguka, na penye ngozi nzima pasiguswe.

Kabla ya kushika brashi, lijue doa lako. Alama nyeusi inayobaki chunusi ikishapona si uchafu, wala mara nyingi si kovu. Ngozi nyeusi ikivimba au ikiumizwa huzalisha melanini zaidi, ile rangi yake ya asili, na melanini hiyo hubaki pale kwa majuma, mara nyingi kwa miezi. Ukiikamua chunusi kwa kucha umeongeza jeraha, na jeraha linaongeza rangi. Jua nalo linaikoleza. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, kwenye nchi tambarare yenye vivuli vya kuhesabu, na msichana anayetoka kuteka maji asubuhi na kurudi na mbuzi jioni amepigwa na jua la kutosha kulifanya doa la mwezi mmoja liishi nusu mwaka.

Zile chunusi za paji la uso zina chanzo chao, na nimechoka kuziona zikitibiwa kwa dawa ya meno. Chanzo ni nywele. Siagi au mafuta mazito yanayopakwa nywele huteremka kwa joto mpaka kwenye paji, mtandio unayakandamiza hapo mchana kutwa, vitundu vya ngozi vinaziba, na chunusi zinajipanga foleni ukingoni mwa nywele. Futa paji lako kwa kitambaa safi kabla ya kujifunga mtandio, na mtandio wenyewe ufuliwe. Dawa ya meno ibaki kwa meno. Usoni inaunguza, na ikishaunguza inaacha doa jeusi kuliko lile ulilokuwa unalikimbia.

Yako madoa yasiyo ya mpambaji hata kidogo. Baka lililofifia rangi ambalo ukiligusa kwa ncha ya unyoya hakuna unachohisi, kidonda kisichopona, kijidoa kinachokua au kubadilika umbo: hayo yapeleke zahanati, na mpambaji yeyote anayekubali kuyafunika kabla hujaonwa na mhudumu wa afya anakuchelewesha. Baka lililokufa ganzi ni dalili ya ukoma. Ukoma unatibika, na dawa zake zimekuwa zikitolewa bure duniani kote tangu 1995 kupitia Shirika la Afya Duniani. Hakuna harusi inayostahili kusubiriwa kwa hilo.

Sasa tumfikie muuza mkorogo, ambaye kwake sina subira.

Utamkuta sokoni Isiolo mjini na katika kila mji wenye stendi ya mabasi. Meza yake ina vikopo visivyo na lebo, au vyenye lebo ya mwanamke mweupe ambaye hajawahi kuwa na doa maishani mwake. Anakuahidi kwamba doa litaondoka kwa siku saba. Mwambie akunjue mkono, utazame vifundo vya vidole vyake. Mtumiaji wa mkorogo uso wake hung'aa manjano, lakini vifundo hubaki vyeusi, kwa sababu ngozi ya pale ni nene na inakataa kudanganywa. Bidhaa inayomshinda mwenye kuiuza kwenye vidole vyake mwenyewe anataka uipake usoni, na uilipie.

Ndani ya vikopo vingi vya aina hiyo kuna mojawapo ya vitu vitatu. Cha kwanza ni zebaki, ambayo kwenye lebo huandikwa mercury, calomel, mercurio au Hg tu. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, ndiyo maana kweli unaona weupe mwanzoni, lakini inapita kwenye ngozi, inaingia damuni na kuharibu figo na neva. Mama anayenyonyesha anaigawa kwa mtoto. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Japani mwaka 2013, ulizitaka nchi ziache kutengeneza na kuingiza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni ifikapo 2020. Mwaka 2023 nchi zilikutana Geneva zikakubaliana kwamba hata kiasi hicho kidogo kiondoke kufikia 2025. Hapa Kenya, Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vya zebaki. Vikopo bado vinavuka mipaka mifukoni mwa abiria.

Cha pili ni haidrokwinoni, nayo imepigwa marufuku kwenye vipodozi. Ukiitumia muda mrefu bila daktari huweza kukuachia weusi wa kibuluu ambao hautoki kwa mekapu wala kwa dua ya mashosti. Yaani ulilipa ili doa liondoke, ukapewa kubwa lake. Cha tatu ni steroidi kali, clobetasol au betamethasone, dawa halali za hospitali zinazotibu magonjwa ya ngozi kwa muda mfupi na kwa kipimo. Ukizipaka usoni kila siku ngozi hukonda hadi mishipa inaonekana, chunusi hufumuka upya, na siku ukiacha uso unawaka moto. Nimeshapamba nyuso zilizopitia hapo. Hakuna rangi inayokaa juu ya ngozi iliyokonda. Inateleza, inakusanyika kwenye mikunjo, na bibi harusi analalamika inamuwasha. Huyo tunampaka wanja na rangi ya mdomo tu, uso tunauacha upumue, na ninamwambia mama yake kwa upole ampeleke kwa daktari wa ngozi.

Kinachopunguza doa kweli hakina miujiza. Acha kulikamua, lipe muda, na lizuie jua. Kinga ya jua yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi ya chuma, ni bora kwetu kuliko ile nyeupe, maana ngozi nyeusi huongeza madoa hata kwa mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, na oksidi ya chuma ndiyo inayouzuia mwanga huo. Halafu inafunika doa kidogo yenyewe, kwa hiyo umefanya kazi mbili kwa mpako mmoja. Wanaodhani kinga ya jua ni kitu cha watalii wa Samburu waende Moshi, Tanzania. Kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC kunatengenezwa KiliSun, kinga ya jua iliyobuniwa kwa watu wenye ualbino wa Afrika Mashariki, ambao jua hilihili linawaua kwa saratani. Usipoipata ya aina yoyote, mwavuli na ukingo wa mtandio ulioshushwa hadi kwenye nyusi vinasaidia kuliko krimu yoyote ya siku saba.

Haya, harusi ni kesho na doa bado lipo. Tulifiche.

Anza na mwanga, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Taa nyeupe ya sola ndani ya chumba hukuonyesha rangi isiyo yako. Utajipaka ukapendeza hapo ndani, kisha utoke nje ushangae. Keti mlangoni, uso uelekee nje, lakini mwenyewe uwe kivulini. Jua la moja kwa moja nalo linapotosha. Kioo kiwe kikubwa cha kutosha kuonyesha uso na shingo kwa pamoja. Kioo cha pikipiki, ambacho kimewapamba wengi kuliko saluni zote za Merti, kinakuonyesha doa peke yake, na anayeliona doa peke yake hulipaka mpaka likawa kichuguu.

Osha uso. Mwenye qasil ana bahati. Ule unga wa majani ya jamii ya mkunazi unatoa povu lake wenyewe na kuondoa mafuta bila kuikausha ngozi. Sabuni ya kipande ikikutana na maji ya chumvi ya visima vyetu haitoi povu la maana, inaacha utando, na rangi yoyote juu ya utando huo itajimenya mchana. Watu wa Pwani wana liwa yao ya kusugulia ngozi, nayo ni nzuri, ila itumieni siku moja kabla. Ngozi iliyosuguliwa asubuhi ya harusi huwa nyekundu na hukataa poda. Ukishaosha, paka mafuta mepesi kidogo na usubiri yanywewe. Usikimbilie. Ngozi kavu ya kaskazini ikipakwa rangi bila mafuta huonyesha kila mpasuko.

Kuchagua rangi ndiko penye utajiri wa kazi hii, na ndiko mpambaji mwenye chupa moja anakoaibika. Rangi ya faundesheni karibu zote imeundwa kwa vitu vinne: oksidi ya chuma nyekundu, ya manjano na nyeusi, pamoja na titani dayoksaidi ambayo ni nyeupe pe. Kwa miaka mingi viwanda vilitengeneza rangi za watu weupe, kisha vikaongeza nyeusi kidogo na kuita matokeo yake rangi ya Mwafrika. Ule weupe umebaki chini, na juu ya ngozi yetu unatoka kijivu. Ndio huo uso wa mgonjwa niliokutajia. Ngozi nyeusi haitokani na weupe uliotiwa masizi. Ndani yake kuna wekundu, au manjano ya asali, au buluu kidogo, na katika boma moja la Korbesa utawakuta dada watatu wa tumbo moja wenye rangi tatu.

Jambo hili lilimkuta hata Iman. Alikuwa Msomali kutoka Mogadishu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alipopigwa picha na Peter Beard mwaka 1975 na kuchukuliwa Marekani kuwa mwanamitindo. Amesimulia mara nyingi kwamba katika kazi zake za mwanzo huko mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe, kisha akampaka aliyokuwa nayo, akatoka kijivu. Tangu hapo akawa anajichanganyia rangi zake, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni ya vipodozi vya wanawake wa rangi zote. Mwanamke aliyesifiwa uzuri duniani kote ilibidi akoroge rangi mwenyewe ndipo afanane na nafsi yake. Sasa wewe kwa nini uone aibu kuchanganya mbili?

Siku hizi kuna nafuu. Fenty Beauty ya Rihanna ilianza mwaka 2017 na rangi 40 kwa mpigo, na Mei 2022 ikaanza kuuzwa rasmi Kenya. Nairobi kwenyewe Suzie Wokabi alikuwa ameshaanzisha SuzieBeauty, vipodozi vilivyobuniwa kwa ngozi za hapa, kampuni ambayo kundi la kibiashara la Flame Tree liliinunua mwaka 2016. Lakini kutoka Korbesa hadi duka lenye rangi 40 ni safari, kwa hiyo fanya hivi. Tafuta rangi mbili, moja imekuzidi weusi kidogo, nyingine imepungua kidogo. Zichanganye mgongoni mwa mkono. Jaribu mchanganyiko kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo, si kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu mkono wako na uso wako havikupigwa na jua sawasawa. Mchoro ukipotea kwenye taya, hiyo ni yako. Ukiuona mchoro, endelea kuchanganya. Subiri pia ikauke kabla hujaamua. Nyingi huiva na kuwa nyeusi zaidi baada ya dakika chache.

Konsila ya rangi yako, yaani ile rangi nzito ya kufichia doa, ikipakwa moja kwa moja juu ya doa jeusi hutoa kijivu tena, hata kama ni yako kabisa. Doa lenye kina lina ubuluu, na rangi inayoua ubuluu ni chungwa. Ngozi ya maji ya kunde inahitaji chungwa jepesi. Nyeusi inahitaji chungwa lililoiva mpaka karibu na wekundu wa tofali. Kama rangi hiyo maalumu haipo, chukua rangi ya mdomo ya chungwa au nyekundu ya tofali, isiyo na mng'aro wala vimetameta, unayoweza kuipata hata kibandani. Mwaka 2015 Deepica Mutyala, Mmarekani mwenye asili ya India, alirekodi video fupi akijipaka rangi nyekundu ya mdomo chini ya macho kuficha weusi, ikatazamwa na mamilioni. Shosti anayekucheka kwa kujipaka rangi ya mdomo shavuni mwambie asubiri dakika tano.

Nikuonyeshe. Mpwa wangu alikuwa na madoa matatu shavu la kulia, yote ya chunusi za Ramadhani, moja jeusi kabisa karibu na pembe ya mdomo. Akaketi kwenye kigoda mlangoni, kivuli cha paa kimemfunika. Nikachukua brashi nyembamba ya kuchorea wanja, mpya, nikaichovya ncha tu kwenye ile rangi ya tofali, nikaifuta mgongoni mwa mkono hadi ikabaki kidogo sana. Nikagusa katikati ya doa. Nikatandaza kwa ncha ya kidole cha pete, ambacho hakina nguvu nyingi, kwa kugongagonga bila kusugua, mpaka rangi ikaishia palepale doa linapoishia. Kwa muda huo shavu lilikuwa na alama tatu za tofali, naye akaanza kulalamika.

"Shangazi, sasa ndiyo yameonekana zaidi!"

"Tulia. Yasipokauka, nitakachopaka juu kitayafuta."

Yalipokauka nikaweka konsila ya rangi yake, tone dogo kwa kila doa, limevuka ukingo kwa upana wa uzi. Hapa watu wengi huharibu: wanagonga katikati, rangi inahama, doa linachungulia. Gonga ukingo tu, uyeyuke kwenye ngozi, katikati pakae kimya. Kisha nikabonyeza poda kwa pamba ndogo, nikahesabu polepole, nikapangusa iliyozidi. Nikasimama umbali wa kupeana mkono, kwa sababu hapo ndipo watu watamwona. Hakuna mgeni wa harusi anayekuja na darubini. Madoa yalikuwa hayapo. Vitundu vya ngozi yake vilikuwepo, vinyweleo vya shavuni vilikuwepo, na mng'aro wa afya ulikuwepo, kwa kuwa sehemu kubwa ya uso sikuigusa.

"Na hili la puani?"

"La puani ni la mama yako. Liache."

Makovu yenye mabonde au vilima yana sheria yake. Rangi haijazi bonde wala haisawazishi kilima. Inachoweza ni kuondoa tofauti ya rangi, na kivuli kinabaki. Kwa hiyo hapo weka mbali kila kitu chenye mng'aro, maana kimetameta kimoja juu ya kovu lililoinuka kinaita macho ya ukumbi mzima. Alama kubwa ya kuzaliwa nayo hufunikwa kwa rangi nzito, kwa tabaka jembamba jembamba, kila moja likibanwa na poda kabla ya lingine. Njia hiyo ina umri mrefu: Mmarekani Lydia O'Leary, aliyezaliwa na alama nyekundu usoni, alijitengenezea rangi ya kuifunika na mwaka 1928 akaanza kuiuza kwa jina la Covermark. Tabaka moja nene haliwezi kazi hiyo. Linapasuka kabla ya pilau kufika.

Mtandio sasa. Umepamba vizuri, kisha unajifunga, na kitambaa kinapangusa kila kitu cha taya na paji. Jifunge kwanza, au angalau weka ile kofia ya ndani, ndipo upambe. Doa lililo karibu na ukingo wa mtandio libane kwa poda mara mbili. Kitambaa cheupe usikitumie kujaribia.

Na udhu. Maji lazima yafike ngozini, na rangi isiyopitisha maji inazuia, kwa hiyo mpambaji anayekuambia "hii haitoki hata kwa udhu" anajivunia kasoro. Panga muda wako. Huku kwetu Adhuhuri ni kama saa sita na nusu na Alasiri inakaribia saa kumi, una zaidi ya saa tatu hapo katikati. Swali Adhuhuri, pambwa, nenda ukapigwe picha, kisha Alasiri ikifika osha uso kwa amani. Doa moja au mawili yaliyofichwa kwa ncha ya brashi unayarudishia muda mfupi baada ya swala. Uso mzima uliokandikwa utakugharimu ama swala ama jioni yako, na ninazo nyuso kadhaa akilini zilizokaa pembeni zikilia kwa sababu hiyo. Huo nao ni ushahidi kwamba kupaka kidogo ni akili.

Joto likikutoa jasho, usifute. Bonyeza kwa kitambaa laini au karatasi ya shashi, ondoa unyevu, rudisha poda kidogo pale penye doa tu. Anayerundika poda juu ya jasho kila nusu saa ifikapo magharibi ana uji usoni.

Kabla hujatoka, mwombe mtu akupige picha moja kwa simu, taa ya kamera ikiwa imewashwa. Zipo poda nyeupe laini zenye silika ambazo kwa macho hazionekani, lakini taa ikizimulika hurudisha weupe wote, ukabaki na miduara miwili chini ya macho katika albamu utakayowaonyesha wajukuu. Ukiiona, pangusa. Na fundi wa picha mwambieni mapema, kabla hajalipwa: asilainishe mtu. Bibi harusi ametumia asubuhi nzima kubaki na sura yake, halafu kijana mwenye programu anamfutia vitundu vya ngozi, anamnyoosha pua na kumwongezea weupe ambao hata muuza mkorogo hajathubutu kuuahidi. Picha zikirudi hivyo, zikataeni. Mama mzaa chema anataka kumwona binti yake.

Usiku, hata kama umechoka na watu bado wanaimba nje, rangi itoke. Mafuta kwanza, ya simsim au ya nazi, kwa sababu nta na mafuta ya konsila hayasikii maji. Sugua polepole kwa vidole hadi rangi ilegee, pangusa kwa kitambaa laini kilicholowa, ndipo uoshe kwa qasil au sabuni isiyo kali, na upake mafuta yako mepesi ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukilala nayo, vitundu vitaziba, na baada ya wiki utakuja kwangu na madoa mapya nikufichie.

Sponji na brashi zioshwe usiku huohuo, zikaushwe juani. Sponji mbichi iliyofungiwa ndani ya mkoba huzalisha vijidudu, na unavirudisha shavuni siku ya pili. Brashi ya mtu mwenye chunusi zilizoiva haimgusi mwingine kabla ya kuoshwa. Kijiti cha wanja hakiazimwi kabisa, hata kwa dada wa tumbo moja, kwa kuwa trakoma, ugonjwa uliozisumbua sana kaunti za wafugaji na kuwapofusha wengi, husambaa kwa majimaji ya macho. Akija shosti kukiomba, mpe wanja kidogo kwenye kipande cha karatasi safi, na ajitafutie kijiti chake.